Nukta Zilizolala

Katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya wasioona palikuwa na mzee mmoja aliyeaminika kuliko mashine, na wa kwanza kuliamini hilo alikuwa yeye mwenyewe. Walimwita Mzee Nukta. Kazi yake ilikuwa kusoma kwa kidole kila ukurasa uliotoka mashinini, kabla haujashonwa kuwa kitabu, na kukamata makosa. Maandishi ya wasioona ni nukta ndogo zilizoinuka juu ya karatasi nene, na herufi moja huweza kutofautiana na nyingine kwa nukta moja tu. Nukta ikikosekana, hesabu inaharibika na mtoto wa watu anafeli mtihani bila kosa lake. Mzee Nukta alikuwa ameyakamata makosa ya namna hiyo kwa miaka thelathini na moja. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, na kwa kuwa hakukumbuka chochote cha kuona, hakuwahi kulalamikia macho. Alilalamikia mambo mengine yote.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Asiyeona anasoma kwa sauti kutoka kwenye nukta, na anayeona anafuata kwenye nakala ya wino. Wakitofautiana, wanasimama na kumtafuta mwenye kosa. Aliyekuwa akimfuata Mzee Nukta ni mwanamke wa makamo mwenye mdomo usiojua likizo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mshika Nakala. Walikuwa wamekaa meza moja, uso kwa uso, kwa miaka kumi na tisa.

Sasa, kuna jambo moja ambalo ni vizuri lijulikane mapema, maana ndilo lililozaa matata yote. Katika miaka hiyo kumi na tisa Mshika Nakala hakuwa akimtazama mwenzake. Angewezaje? Macho yake yalikuwa kwenye nakala tangu asubuhi hadi saa ya kutoka, na ukiinua macho umepoteza mstari. Sauti ya Mzee Nukta aliijua mpaka mafua yakiwa njiani alikuwa na habari kabla ya mwenyewe. Lakini ungemuuliza mikono yake ikoje, angekujibu kwamba ina vidole kumi, basi.

Nyumbani Mzee Nukta aliishi peke yake katika vyumba viwili vya chini, vyenye baraza ya saruji mbele. Binti yake aliishi mtaa wa pili na alipita jioni kumletea chakula na kumgombeza kwa sababu ya sigara. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa wa siku tisa ambao hata jina lake halikupatikana kabla haujamaliza kazi.

Mke huyo alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwanamke mwenye macho mazima, mikono mizito na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Kuna mwaka mama yake aliugua, ikambidi aende kumuuguza mji wa mbali kwa miezi saba. Barua za wino hakuzitaka. "Nikikuandikia kwa wino utamwita jirani akusomee," alimwambia mumewe. "Mimi sitaki kuongea na mume wangu kupitia kinywa cha jirani, tena yule mwenye kusoma kwa pua." Basi wiki tatu kabla ya safari alijifunza nukta. Alitumia kile kibao cha chuma chenye vijidirisha, na kimsumari butu chenye mpini wa mbao, akitoboa nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, ili karatasi ikigeuzwa isomeke sawasawa. Alikosea, akatukana kibao, akaanza upya. Kwa miezi ile saba aliandika barua kumi na moja.

Wengine wakifiwa hubaki na picha ukutani. Mzee Nukta picha ingemfaa nini? Alibaki na barua zile. Mkono wa mkewe ulikuwa mle ndani wote: alivyokandamiza mpaka mahali pengine karatasi ikatoboka kabisa, alivyochoka kuelekea mwisho wa ukurasa nukta zikawa ndogo, alivyopigilia kituo cha mwisho wa sentensi kama mtu anayefunga mlango wa duka. Hazikuwahi kulazwa mahali, kwa sababu nukta zikilaliwa na uzito hubonyea. Zilisimama kwenye rafu, zimebanwa kidogo tu na vipande viwili vya boksi. Kila Jumapili asubuhi alikunywa chai, akavuta sigara mbili, akaketi kwenye baraza na kusoma moja. Zilikuwa zikienda kwa zamu. Zikiisha kumi na moja, anarudia ya kwanza, na kila mara alikuwa na hamu nayo kana kwamba imeletwa juzi.

Halafu kiwandani ikaletwa mashine mpya, na mashine hiyo ilitaka baridi. Wakafunga kiyoyozi kikubwa ukutani, na kwa ufundi wa wafungaji mdomo wake ukaelekea meza ya wasomaji. Mshika Nakala alianza kuja na sweta na shali. Mzee Nukta aliletewa koti, akalikataa.

"Mnataka kunihifadhi kama nyama?" aliuliza. "Mimi ni mtu wa kazi. Nikivaa koti mikono inakuwa mizito."

Haikupita muda akaanza kusema kwamba nukta zimelala. Alikuwa akisoma vizuri asubuhi kwa nusu saa, kisha mistari inaanza kufifia chini ya kidole, kana kwamba mtu amepita juu yake na pasi. Akamwita fundi wa mashine. Fundi alifungua, akasafisha, akakaza, akaongeza nguvu ya kupiga. Saa sita wakatoka kwenda kula, na Mzee Nukta aliporudi kutoka juani alisoma ukurasa ule ule vizuri kabisa.

"Umeona sasa?" alisema. "Nilikwambia ni mashine. Umeitengeneza imekaa sawa."

Saa nane nukta zikalala tena. Wiki tatu mambo yakaenda hivyo, mpaka yule fundi, kijana mstaarabu ambaye hakuwa na kawaida ya kuteta, akasema mbele ya watu kwamba mashine hii ina wivu, inafanya kazi vizuri Mzee Nukta akiwa nje tu. Watu wakacheka. Ukweli wote ulikuwa umo ndani ya utani ule, ila hakuna aliyeusikia, na wa mwisho kuusikia angekuwa mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja kazi yake ni kutafuta makosa ya wengine.

Kisha ikaja Jumapili moja ya msimu wa baridi. Alikaa barazani asubuhi mapema, saruji ikiwa baridi chini ya nyayo zake, akaichukua barua ya tano. Mistari miwili ya kwanza aliisoma. Wa tatu ulikuwa laini. Akarudi nyuma, akakandamiza, akajaribu kidole cha kati. Kulikuwa na vivimbe hafifu tu, kama chumvi iliyomwagika. Akaichukua ya sita, nayo ikawa vile vile.

Nyumbani hakuna mashine ya kulaumiwa. Lakini Mzee Nukta hakukosa maelezo, na maelezo yake yalikuwa ya mtu wa kazi ile. Karatasi ya nukta huliwa na kidole. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanagenzi hivyo: ukurasa unaosomwa sana unakufa, ndiyo maana vitabu vya maktaba huchapwa upya. Alipiga hesabu. Miaka minne, kila barua kwa zamu, karibu mara ishirini kila moja, tena kwa kidole kinachorudi pale anapopapenda. Hakuna karatasi inayostahimili hayo. Amemfuta mkewe kwa kidole chake mwenyewe, na alimfuta zaidi pale alipompenda zaidi. Aliweka karatasi kando ili isilowe, akalia.

Tangu hapo hakuzisoma. Jumapili nane alikaa barazani na barua moja mapajani, ndani ya bahasha, mkono umefunikwa juu yake bila kugusa kilichomo. Alijiambia anazitunza. Lakini alimpoteza mkewe mara ya pili, na mara hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana ile ya kwanza angalau alikuwa na mahali pa kwenda Jumapili. Alikuwa akikumbuka maneno yote. Maneno hayakuwa shida. Alichokitamani ni ule ukwaruzo wenyewe, zile nukta zilizopigwa na mtu aliyekasirika na kibao. Akilini hakuweza kuzihisi. Akilini zilikuwa zimenyooka tu, kama za mashine.

Ndipo akafikia uamuzi ambao mtu wa fani nyingine asingeufikia. Ijumaa moja alikuja kazini na barua zote kumi na moja, akazisukuma mezani.

"Dada, nina ombi," alimwambia Mshika Nakala. "Zipige upya. Zote. Wewe unasoma nukta kwa macho, kivuli kidogo kinakutosha. Zikiisha kupotea kabisa hata wewe hutaziona."

Mshika Nakala aliijua habari ya barua zile. Mke wa Mzee Nukta alikuwa akimwita wifi, na siku ya maziko Mshika Nakala ndiye aliyemshika mzee mkono. "Nitazipiga," alisema. "Na hizi za zamani?"

"Unajua kanuni."

Kanuni aliijua, kwani kila mtu aliijua, na aliyeisimamia kwa ukali kuliko wote ni Mzee Nukta. Ukurasa ukishapigwa upya, wa zamani unachanwa hapo hapo. Ukibaki, kesho mtu atauchanganya na mpya, na kosa lililokwisha kusahihishwa litarudi kitabuni.

"Kaka, hizi si kurasa za kitabu."

"Ndiyo maana nataka uchane," alisema. "Zikibaki nitazigusa. Nikizigusa nitakuta hamna kitu, na sitaki kukuta hamna kitu tena. Chana."

Mshika Nakala alizikusanya barua bila kubisha, jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa.

Jumatatu walikuwa wakisoma kitabu cha sayansi cha shule za msingi, sura ya wadudu. Mzee Nukta alianza vizuri. Baada ya nusu saa akampa mbu miguu minane.

"Sita," alisema Mshika Nakala.

"Hapa ni nane. Mashine imelala."

Siku nyingine Mshika Nakala angeandika alama pembeni na kuendelea. Siku hiyo aliweka kidole kwenye mstari wa nakala ili asiupoteze, akainua macho, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka kumi na tisa akaitazama mikono ya mwenzake ikiwa kazini.

"Kaka, nyamaza kidogo," alisema.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na rangi ya buluu, kuanzia ncha hadi kiungo cha pili. Rangi iliishia hapo ghafla, mpaka ukionekana wazi kama wa soksi, na juu yake ngozi ilikuwa ya kawaida. Kucha ndizo zilizotisha zaidi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikuwa buluu bado. Kilikuwa kimepauka, kama kimeishiwa damu yote. Mshika Nakala alilowesha kitambaa kwa maji ya chupa yake, akamshika mkono, akasugua. Ndipo akakumbuka kwamba mashine za kiwanda kile hazitumii wino. Rangi haikutoka. Na kile kidole alichokishika kilikuwa baridi kuliko chupa.

"Unanisugua nini?"

"Vidole vyako vimekuwa buluu."

Mzee Nukta alingoja maelezo zaidi. "Buluu ndiyo ikoje?" akauliza mwishowe.

Mshika Nakala angeweza kumtajia vitu kumi vya rangi hiyo, na vyote visingemsaidia. "Ni rangi ambayo haitakiwi kuwa kwa mtu aliye hai," alisema.

Hakumpa nafasi ya kubisha. Alimshika kiwiko, akachukua na ule ukurasa wa mbu, akamtoa nje, akamkalisha ukutani penye jua na kumfunika mikono kwa shali yake. Dakika zikapita. Rangi ilianza kuondoka polepole, ikafuatiwa na wekundu mkali, na Mzee Nukta akakunja uso.

"Sisimizi," alisema. "Wananitembelea ndani ya vidole. Kila siku saa sita nikitoka ni hivi."

"Kila siku? Na hukusema?"

"Nilidhani ni uzee. Uzee nao usemwe?"

Akamwekea ukurasa mapajani. "Soma."

Akasoma, miguu sita. Akapitisha kidole tena na tena, polepole. "Huu ni mwingine. Umeniletea uliopigwa sawa."

"Ndio ule ule, kaka. Mashine haina kosa. Na jana nilikaa dirishani na barua zako, nikizisoma kabla ya kuzipiga. Mwanga ulikuwa wa pembeni. Nukta zimesimama. Kila moja ina kivuli chake. Nilishindwa kuelewa mtu kama wewe anawezaje kusema zimefutika, ndiyo maana leo nimeinua macho."

Mzee Nukta aliusukuma ukurasa wa mbu pembeni. "Barua zipo?" aliuliza.

"Twende kwa daktari kwanza," alisema Mshika Nakala.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Hakuanza na vidole. Alimwambia afungue mdomo, akatazama midomo na ulimi.

"Hii ndiyo habari njema," alisema. "Midomo yako na ulimi vina rangi nzuri. Vingekuwa buluu navyo, ningejua damu yako yote haipati hewa ya kutosha, na hapo tungetafuta moyoni au mapafuni, tena mbio. Ikitokea siku hiyo, au pumzi ikakubana, usingoje kesho. Kwako hewa ipo kwenye damu. Damu ndiyo haifiki mwisho wa safari."

Akamvua viatu. Vidole vya miguu navyo vilikuwa na buluu hafifu, na Mzee Nukta akakiri kwamba asubuhi barazani miguu humfa ganzi. Daktari akabonyeza kucha na kuhesabu muda wa rangi kurudi, akashika mapigo ya kifundo cha mkono, akauliza maswali mengi. Akaeleza kwamba mwili ukipata baridi hubana mishipa midogo ya vidoleni ili joto libaki ndani, na kwa watu wengine mishipa hiyo hubana kupita kiasi. Kidole kinapauka kwa kukosa damu, kisha kinakuwa buluu kwa sababu damu kidogo iliyobaki imeishiwa hewa, kisha mishipa ikifunguka kinakuwa chekundu na kuwasha.

"Baridi ya kazini ni sababu moja," alisema. "Unavuta sigara?"

"Chache."

"Mbili kabla ya kila jambo," alisema Mshika Nakala kutoka mlangoni.

"Sigara inabana mishipa hiyo hiyo. Na hivyo vidonge vya presha ulivyonitajia, ulianza lini?"

Alikuwa ameanza mwaka ule ule kilipofungwa kiyoyozi. Akatoa pakiti mfukoni, daktari akasoma jina, akasema aina hiyo kwa baadhi ya watu huongeza tatizo, atambadilishia, lakini asiache kumeza leo kwa kichwa chake mwenyewe. Akatoa damu ya kupima, kwa sababu tatizo hili likimwanza mtu ukubwani mara nyingine kuna ugonjwa mwingine nyuma yake. Kisha akashika kidole cha shahada cha kulia, kile kilichosoma vitabu kwa miaka thelathini na moja, akakigeuza kwenye mwanga. Nchani palikuwa na kidonda kidogo kilichokauka.

"Hiki umekifanya nini?"

"Nilikuwa nakitia kwenye maji ya moto kabla ya kazi. Kilikuwa hakisikii, nikaongeza moto."

"Kilikuwa hakisikii, ndiyo maana kimeungua bila wewe kujua. Maji yawe ya uvuguvugu tu, na yajaribiwe na mtu mwingine. Vidole vingine vitarudi. Hiki siwezi kukuahidi, baba. Kitapona, lakini hisia ya nchani huenda isirudi yote."

Kwenye benchi la nje, wakisubiri dawa, Mzee Nukta hakuuliza habari ya kidole.

"Sasa niambie," alisema. "Barua zipo?"

"Zipo kumi."

Watu walipita na viatu vyao. Mtu aliitwa namba yake.

"Ijumaa ile niliipiga ya kwanza kabla ya kutoka," alisema Mshika Nakala. "Niliisoma haraka haraka, kwa taa ya juu, sikutazama vizuri. Nikaipiga, nikaichana. Ulisema nichane. Nilikuwa naogopa nikiiacha utanigombeza. Ya pili nilienda nayo nyumbani na nyingine zote, ndiyo zikasalimika. Kaka, nisamehe."

Ya kwanza ndiyo ile mkewe aliyoiandika akiwa bado hajui vizuri, yenye matundu mengi kuliko nukta, ambayo mstari wake wa pili ulipanda juu na kugonga wa kwanza. Mzee Nukta alifunua mdomo ili aseme kitu, na kilichomjia kilikuwa ni ile kanuni yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyoisema kwa wanagenzi miaka nenda miaka rudi. Akatafuta mkono wa Mshika Nakala kwenye benchi, akaupata.

"Umefanya nilivyokuambia," alisema. "Ningepata wapi mtu mwingine wa kunitii?"

Walikaa hivyo mpaka namba yao ilipoitwa. Mikono yao yote ilikuwa na joto.

Sigara aliziacha kwa shida, na kiwanda kizima kililipa kwa hasira zake. Vidonge vilibadilishwa. Damu haikuonyesha ugonjwa mwingine, na binti yake alimfumia glovu za sufi zilizokatwa nchani, akawa akizivaa hata anapokula. Kiwandani wakampa chumba cha upande wa jua, kisicho na kiyoyozi, na wakamwachia vitabu vya darasa la kwanza, ambavyo mistari yake ni mifupi na hakuna anayevikimbiza. Mshika Nakala alihama naye. Sasa kila baada ya ukurasa anainua macho na kumkagua kucha, na Mzee Nukta anamwambia ni afadhali angeolewa na polisi.

Vidole vilirudi, isipokuwa kile cha shahada cha kulia. Kidonda kilipona, ngozi ikafunga, lakini nchani pamebaki kama pamevikwa plastiki. Anasoma kwa kidole cha shahada cha kushoto, ambacho maisha yake yote kilikuwa mtumishi tu, kazi yake kushikilia mwanzo wa mstari unaofuata. Kidole hicho kinasoma kama mtoto aliyeanza shule jana. Kinasimama kwenye kila herufi, kinaizunguka, kinaikubali, ndipo kinasogea.

Nakala mpya ya barua ya kwanza alipewa. Imepigwa vizuri, haina kosa hata moja. Aliisoma mara moja, akaiweka kwenye rafu pembeni ya zile kumi, na hajaigusa tena.

Jumapili sasa hatoki asubuhi. Anangoja saa sita, jua likiwa limefika barazani na saruji imepata moto, anaishika glasi ya chai kwa mikono miwili mpaka sisimizi wote waondoke, anavua glovu. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya barua ya kumi na moja, ya mwisho kuandikwa. Zamani, kwa kidole cha kulia, aliimaliza kabla chai haijapoa. Safari hii chai ilipoa akiwa mstari wa tatu. Nukta moja, halafu nyingine. Hapa alikandamiza mno. Hapa alipumzisha mkono. Kidole cha kushoto hakikuweza kumtangulia mwandishi hata kwa herufi moja, na Mzee Nukta akatambua kwamba miaka yote ile alikuwa akimsoma mkewe mbio, kwa mwendo wa kazi, na kwamba huu sasa ndio mwendo ambao mke mwenyewe aliandika nao, amekaa kando ya kitanda cha mama yake, akitoboa na kutukana.

Mzee Nukta alifika pale mkewe anaposema kwamba mama amepata nafuu, na kwamba atarudi Jumamosi.

Na kweli alirudi Jumamosi ile. Alitupa mfuko mlangoni, akamshika mumewe mashavu, akamwambia amekonda na shati lake halijaguswa na pasi tangu aondoke. Waliishi pamoja miaka mingine kumi na mitatu baada ya siku hiyo. Mzee Nukta aliikumbuka sauti ya mfuko ukianguka sakafuni. Alikumbuka pia siku zilizotangulia, jinsi alivyokuwa akikaa papa hapa barazani na barua hii, Jumanne, Jumatano, akisikiliza kila hatua inayopita njiani. Alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna wakati alimngoja mkewe, na mke akaja.

Ilibaki mistari minne. Akainua kidole kutoka kwenye karatasi, akavaa glovu, akakaa na barua mapajani, uso umeelekea njiani, akimngoja.